Kiangazi na Vuli Vishindanapo Isinya

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii ni ya kweli mahali pengi, lakini mtu akaaye Isinya, katikati ya Kitengela na Kajiado, hujifunza upesi kwamba mawingu nayo hudanganya. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mbingu za huko hufunikwa na wingu la kijivu tangu alfajiri. Mara nyingi jua halionekani mpaka adhuhuri, upepo wa baridi huvuma kutoka kusini-mashariki, na wachungaji hujifunika shuka mbili. Lakini mvua hakuna, ila manyunyu machache yasiyoshinda vumbi. Majani ya uwanda hukauka chini ya mawingu yale yale.

Kisha hufuata Septemba na Oktoba. Baridi huondoka, jua huwaka, na ng'ombe waliokonda huzidi kukonda. Kila mtu hutazama upande wa milima ya Ngong akingojea vuli. Siku moja ngurumo husikika, mvua hunyesha usiku kucha, na asubuhi watu hushukuru wakisema, "Sasa tumeokoka."

Hapo ndipo penye kosa. Wafugaji wa muda mrefu wajua ya kuwa siku zinazoua wanyama dhaifu si siku za mwisho za kiangazi peke yake, bali pia zile siku za kwanza za mvua, wakati majira moja hayajakubali kuondoka na mengine hayajashika nchi sawasawa. Makala haya yataka kueleza sababu yake, na jinsi mfugaji awezavyo kujikinga.

JAMBO HILI LIKO ULAYA PIA

Katika nchi za Ulaya majira ya baridi na majira ya kuchipua hushindana kila mwaka. Mwezi wa Aprili miti ya matunda ikiisha kutoa maua, baridi hurudi usiku mmoja, umande hugeuka kuwa barafu, na maua hufa. Mkulima wa huko haogopi sana theluji ya Januari, kwa kuwa wakati huo mti umelala. Huogopa baridi ya Aprili, kwa kuwa mti umekwisha kuamka na hauna kinga. Isinya hakuna theluji, lakini kanuni ni ile ile: hatari kubwa iko mpakani mwa majira.

KWA NINI MAWINGU YA BARIDI HAYALETI MVUA

Wingu la mvua kubwa sharti likue kwenda juu sana. Wakati wa kipupwe upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka bahari ya Hindi, lakini ardhi ni ya baridi na hewa haipati nguvu ya kupanda. Tena juu yake kuna hewa kavu yenye joto zaidi, ambayo hukaa kama kifuniko juu ya chungu. Basi wingu hutanda upande kwa upande bila kukua, likaziba jua lisilete mvua.

Karibu na tarehe 22 au 23 Septemba jua hupita juu ya ikweta likielekea kusini. Ardhi hupata joto, hewa hupanda, na kusi hupungua nguvu. Baadaye upepo wa kaskazi huanza kushuka kutoka upande wa Arabuni. Mahali pepo hizi mbili zikutanapo, hewa husukumwa juu, hupoa, na maji yaliyomo huanguka kama mvua. Ukanda huo wa mvua hupita nchi ya Kajiado kati ya Oktoba na Desemba, nasi twauita wakati huo vuli.

Lakini ukanda huo hauendi kama gari katika barabara. Leo husonga mbele, kesho kusi hupata nguvu tena na kuurudisha nyuma. Ndiyo maana mvua huweza kunyesha siku mbili, kisha jua likawaka siku kumi au zaidi. Mbegu za mahindi zilizopandwa kwa haraka huota na kunyauka, na majani yaliyoanza kuchipua hufa kabla ya kukomaa. Bahari nayo ina neno lake. Maji ya bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida, vuli huwa kubwa, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023. Yakiwa ya baridi, vuli hupungua au hukosekana.

Wamasai walikuwa na maelezo yao wenyewe tangu zamani. Katika hadithi iliyoandikwa na Bwana A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1905, wako Mungu wawili, Mweusi na Mwekundu. Mweusi ataka kuwapa watu maji, Mwekundu akataa. Radi kali ipasukayo karibu ni Mwekundu akitaka kushuka kuangamiza watu, na ngurumo ya mbali ni Mweusi akimzuia. Hadithi hii si elimu ya hali ya hewa, lakini walioisimulia walikuwa wameona vizuri kwamba mvua haiji kwa amani.

KINACHOMWUA NG'OMBE MVUANI

Ng'ombe aliyemaliza kiangazi hana mafuta chini ya ngozi. Akiwa mkavu, manyoya yake hushika hewa nayo humkinga na baridi. Akilowa, kinga hiyo huondoka, na upepo wa usiku hunyonya joto la mwili wake. Ng'ombe mnene hutengeneza joto jingine kwa chakula alichokula. Aliyekonda hana kuni za kutia motoni. Hulala chini katika matope, na asubuhi hawezi kusimama. Udongo mweusi wa uwanda huu hunata mno ukilowa, na mnyama dhaifu anaswaye humo hujichosha mpaka afe.

Jambo la pili ni majani yenyewe. Ndani ya tumbo kubwa la mnyama acheuaye wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kumeng'enya chakula. Vijidudu vilivyozoea majani makavu vyahitaji majuma mawili au matatu ili kuzoea majani mabichi. Mnyama mwenye njaa akiachwa ajishindilie ghafula, huharisha, au tumbo lake huvimba kwa hewa. Tena majani machanga yana maji mengi: katika kilo 10 za majani hayo, kadiri ya kilo 8 ni maji tu. Ng'ombe hukimbilia rangi ya kijani huku na huku, hutembea kutwa, hurudi jioni akiwa na tumbo la maji na nguvu chache kuliko alizotoka nazo.

Jambo la tatu ni magonjwa. Kupe huamka pamoja na mvua, nao huleta ndigana kali. Mvua ikizidi na maji yakituama, mbu huzaliana kwa wingi, na hapo huweza kuzuka homa ya Bonde la Ufa, ambayo hushika wanyama na watu pia. Kenya iliiona homa hiyo mwaka 1997 na 1998, tena 2006 na 2007.

ZAMANI NA SASA

Mwaka 1960 na 1961 ukame uliua ng'ombe wengi mno katika Kajiado, na kabla watu hawajapumua, vuli ya 1961 ikaleta mafuriko. Jambo la namna hiyo limeonekana tena katika siku zetu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosekana au ilipungua mno katika sehemu kubwa ya Kenya, na wanyama zaidi ya milioni 2 walikufa. Kisha vuli ya 2023 ikaja na mafuriko.

Zamani dawa kubwa ilikuwa kuhama. Wamasai wa Kaputiei walifuata mvua ilikonyesha, na nyumbu wa uwanda huu walifanya vivyo hivyo: wakati wa mvua walitoka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi wakienda kusini, na wakati wa kiangazi walirudi penye maji. Katika miaka ya 1970 nyumbu hao walihesabiwa kwa maelfu mengi, lakini leo waliobaki ni wachache, kwa kuwa njia zao zimezibwa na ua, nyumba na barabara. Shamba la ushirika la Kitengela liligawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988, na tangu hapo ardhi imezidi kukatwa vipande. Mfugaji naye hawezi tena kuhama kama baba yake. Hana budi kuyapokea majira pale pale alipo.

MFANO WA MAJIRANI WAWILI

Tuchukue mfano wa majirani wawili, kila mmoja akiwa na ng'ombe 20 na marobota 100 ya majani makavu. Wa kwanza huyatumia yote mwezi wa Septemba, akisema Oktoba italeta mvua. Mvua ifikapo hana kitu, na ng'ombe wake hutoka asubuhi na njaa kukimbilia majani machanga. Wa pili huuza mapema, mwezi wa Julai, ng'ombe 4 wazee wangali na bei, nao 16 waliobaki huwapa majani kwa kiasi. Mvua ya kwanza inyeshapo bado ana marobota 30. Watu humcheka wakimwona akilisha majani makavu huku uwanda umekuwa kijani. Lakini ndiye atakayekuwa na ng'ombe mwezi wa Desemba.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, uza mapema wanyama wazee na dhaifu, kabla bei haijaanguka.

Pili, tunza olopololi, yaani malisho ya ndama karibu na boma, wala usiyafungue ila kwa haja. Weka akiba ya majani makavu ya kutosha majuma mawili au matatu baada ya mvua ya kwanza.

Tatu, lisha majani makavu asubuhi kabla ya kufungua boma, kisha wapeleke wanyama penye majani mabichi kwa saa chache, ukiongeza kidogo kidogo kila siku.

Nne, jenga banda dogo la mabati mahali palipoinuka, lililozibwa upande utokao upepo. Si lazima liwatoshe ng'ombe wote. Wawekwe humo ndama, wana-kondoo, wana-mbuzi na wale waliodhoofika.

Tano, mwone bwana mifugo kabla ya mvua kwa ajili ya chanjo, na ogesha wanyama wako kuzuia kupe.

Sita, zoa tope katika bwawa lingali kavu, na utengeneze mifereji ya paa na tangi, ili maji ya vuli yasipite bure kwenda mto Athi.

Saba, sikiliza katika redio utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na usipande mahindi kwa sababu ya mvua ya usiku mmoja.

Hakuna mtu awezaye kuamua siku ambayo kusi itakubali kushindwa. Lakini kila mfugaji aweza kuamua robota lake la mwisho litaliwa lini, na lafaa liliwe wakati mvua inanyesha. Akiba haiozi.