Ndege ya Kujijengea Ikitoboka Kitambaa, Wacha Selotepu Kwa Droo

Kuna wasee Marekani wanajijengea ndege kwa gereji, kama zile Kitfox, na mabawa wanayavalisha kitambaa cha polista. Kila Julai wanajaa Oshkosh, Wisconsin, kuonyeshana. Sasa jiwe likirushwa na propela litoboe hicho kitambaa, unado?

Selotepu ni zii. Upepo ukipata ukingo unaibandua, na shimo la saizi ya shilingi linageuka mpasuko.

Kwanza chungulia ndani. Kama ubavu wa bawa umevunjika ama bomba limepinda, hiyo si kazi ya kiraka. Kama ndani kuko fiti, toa rangi kuzunguka shimo hadi koti ya kwanza, juu gundi haishiki vizuri kwa rangi. Kata kiraka cha polista kwa mkasi wa meno ndio nyuzi zisichomoke. Kipite shimo kila upande, na pembe uzifanye duara. Gundi iwe ya kampuni ileile iliyotumika mwanzo, usichanganye.

Ikishakauka kabisa, kaza na pasi. Mwisho ni digrii 350 za Fahrenheit; ukizidisha, kitambaa kinaanza kulegea. Pima pasi na themometa. Manze, usiamini hicho kidude cha kuzungusha.

Noma iko kwa eleroni, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyolaza ndege upande. Hapo hata uzito mdogo wa kiraka na rangi unaharibu mizani, na kipande kinaweza kuanza kutetemeka hewani hadi king'oke. Ukiziba hapo, pima mizani upya kabla hujawasha injini.