Binti Yuko Ulaya, Walii Yuko Kasansa

Zamani za wazee wetu, kijana alipotaka kuoa hakwenda kusema mwenyewe. Walitumwa watu wazima kupeleka posa, na nyumba ya binti ikajipa muda wa kuuliza: kijana huyu ni wa nani, je, huswali, afanya kazi gani, akaaje na mama yake na jirani zake? Katika kijiji kama Kasansa, huko bonde la Rukwa katika Mkoa wa Katavi, maswali hayo hayakuwa mazito. Aliyelima mpunga upande huu alimjua aliyelima upande ule. Na mchumba akitoka Usevya, Majimoto au Mamba, hakukosekana mtu wa kwenda kumwulizia na kurudi na habari za kweli.

Leo mambo yamegeuka. Hebu tumdhanie mzee mmoja Mwislamu wa Kasansa. Binti yake alisoma Mpanda, akaendelea Dar es Salaam, kisha akapata nafasi ya masomo Uingereza. Amemaliza, amepata kazi, amebaki huko. Umri wake umefika miaka 30 na hajaolewa. Kila wapigiapo simu mama yake humwuliza swali lile lile. Binti hujibu kwa kucheka, na simu ikikatika hulia. Mzee huyu ni wa mfano tu. Lakini wewe, ndugu msomaji, huenda wamjua kwa jina.

Watu hupenda kumlaumu binti: amechagua mno, amesoma mno, amekuwa Mzungu. Kabla ya kulaumu, yatupasa tutazame hali yake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, Waislamu wa Uingereza na Wales walikuwa milioni 3.9, yaani asilimia 6.5 ya watu wote. Wamejaa katika baadhi ya miji, na miji mingine hawaonekani. Tena wengi wao huoana kwa jamaa na kwa lugha zao. Waliohama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na Wabarawa waliokimbia vita vya Somalia tangu 1991, wana jamaa zao London, na huko nyumba bado zajuana. Binti wa bara aliyekwenda peke yake hana shangazi mtaani wala somo wa kumsemea. Zaidi ya hayo, mwanamume Mwislamu ameruhusiwa kuoa mwanamke wa Ahlul-Kitabu, na wako wafanyao hivyo. Mwanamke Mwislamu haolewi ila na Mwislamu. Basi mlango wake ni mwembamba kuliko wa kaka yake, naye amekubali wembamba huo kwa ajili ya dini yake. Je, huyo ni wa kulaumiwa au wa kusaidiwa?

Wengine husema ni aibu mwanamke kutafuta mume. Aibu hiyo haikutoka katika dini yetu. Bibi Khadija (r.a.) alipeleka mwenyewe neno kwa Mtume wetu (s.a.w.), nalo likapelekwa na mwanamke mwenzake, Nafisa. Lakini tazameni alivyotangulia: alikuwa amempa mali yake aende nayo biashara Sham, na mtumishi wake Maisara akasafiri naye na kurudi na habari za uaminifu wake. Alichagua kwa kujua. Na Sayyidna Umar (r.a.), binti yake Hafsa alipofiwa na mume, hakungoja nyumbani. Alikwenda kwa Uthman akamtaja binti yake, kisha akenda kwa Abu Bakr, na mwisho Mtume (s.a.w.) akamwoa. Ikiwa Umar hakuona haya kumtafutia binti yake mume, baba wa leo aona haya ya nini?

Hapa ndipo penye shabaha ya maneno yetu. Umbali haumwondolei baba kazi yake. Waibadili tu namna ya kufanywa. Kazi hiyo ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni kuuliza. Yasimuliwa kuwa Umar aliposikia mtu akimsifu mwenziwe, alimwuliza kama alisafiri naye, kama aliwahi kupeana naye fedha, kama alikaa naye ujirani. Aliposikia la, akamwambia kuwa basi hamjui. Maswali hayo matatu yatosha hata leo. Picha katika simu haijibu hata moja. Baba wa Kasansa na aombe majina: imamu wa msikiti aswalipo mchumba, mtu aliyefanya naye kazi, mtu aliyepanga naye nyumba moja, na awapigie yeye mwenyewe. Aulize waziwazi kama mtu huyo ana mke mwingine, kama ana deni, kama amewahi kuacha na kwa sababu gani. Anayeulizwa naye aseme kweli, wala asiogope kuwa anasengenya. Fatima binti Qais alipoposwa na watu wawili alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka shauri, naye akamweleza wazi upungufu wa kila mmoja: mmoja hana mali, na wa pili fimbo yake haiondoki begani. Akamshauri aolewe na Usama. Kuficha aibu ya mposaji ni kumhini binti wa watu.

Ya pili ni uwalii wenyewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, hakuna ndoa pasipo walii. Naye ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka wa baba na mama mmoja, kisha kaka wa baba mmoja, kisha watoto wa kiume wa kaka hao, kisha baba wadogo na wakubwa. Mjomba hamo katika orodha hiyo. Jambo hili wengi hulisahau: binti ana mjomba London, basi huyo mjomba humwoza kwa kuwa ndiye aliye karibu. La! Mjomba au mtu mwingine ataoza kwa uwakala tu. Baba akiwa Kasansa amweke mwanamume Mwislamu, mtu mzima, mwenye akili na mwadilifu, awe wakili wake; amtaje binti na mume na mahari; na uwakala huo ushuhudiwe ili kesho usikanwe.

Lakini walii asidhani kuwa amepewa fimbo. Mwanamke aliyepata kuolewa ana haki zaidi juu ya nafsi yake, na mwanamwali huombwa idhini. Khansaa binti Khidam aliozwa na baba yake naye hataki, akashitaki kwa Mtume (s.a.w.), na ndoa ile ikabatilishwa. Vile vile baba asimzuie binti kwa mtu wa kufu yake kwa sababu ya kabila, au kwa kuwa amemtakia mtoto wa ndugu yake. Qur'ani, katika Sura ya Baqara, yakataza kuwazuia wanawake wasiolewe na waliopatana nao kwa wema. Walii azuiaye bila sababu ya sheria, uwalii wamtoka na kwenda kwa kadhi.

Na hao wanaotaka kumpelekea binti mume kutoka nyumbani wajue uzito wake. Serikali ya Uingereza ilipandisha kipato kinachotakiwa kwa anayemleta mume au mke, kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka, kuanzia Aprili 2024. Mzigo huo humwangukia binti. Basi kijana asimpose kwa kuiposa Uingereza.

Ya tatu ndiyo isahauliwayo kuliko zote, nayo ni kuiandikisha ndoa serikalini. Sisi Tanzania tumezoea raha. Sheria ya Ndoa ya 1971 yaikubali ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu kuwa ndoa kamili. Shehe mwenye leseni akifungisha, cheti hutoka, na mke ni mke mbele ya Mungu na mbele ya mahakama. Kwa hiyo jamaa wa Kasansa wakisikia kuwa nikaha imesomwa London, hula pilau na kushukuru, wasijue kuwa pengine nusu ya kazi haijafanywa.

Sikilizeni habari hii. Mwaka 1998 mwanamke mmoja aliozwa katika mkahawa huko Southall, London, mbele ya imamu, walii na mashahidi, na wageni wengi wakahudhuria. Walikuwa wameafikiana kuwa baadaye watafunga na ya serikali. Mke akadai mara nyingi, na mume akakataa. Wakazaa watoto wanne. Ndoa ilipovunjika, mke alikwenda mahakamani mwaka 2016 kutaka haki zake. Mahakama Kuu ilimpa nafuu mwaka 2018. Lakini tarehe 14 Februari 2020 Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa shughuli ile, kwa sheria ya nchi, haikuwa ndoa kabisa, hata ndoa batili haikuwa. Miaka 18 ya kuitwa mke, na sheria haikumwona.

Mwanamke wa namna hiyo hawezi kuiomba mahakama mgawo wa nyumba na mali kama mtalaka. Mume akifa bila wasia, sheria haimhesabu kuwa mjane wake. Watoto hawapotezi haki ya matunzo kwa baba yao. Apotezaye ni mama. Wala njia ya kujikinga si ngumu: Uingereza wenye kuoana hutoa taarifa kwa mwandikishaji siku 28 kabla, kisha hufunga ofisini kwake, au katika msikiti ulioandikishwa kwa kazi hiyo. Marekani huchukuliwa kwanza kibali cha ndoa. Ufaransa ndoa ya serikali ni lazima itangulie ile ya dini.

Basi baba, unapoandika uwakala wako, tia sharti: wakili wangu asiozeshe mpaka aone cheti cha serikali, au tarehe iliyokwisha kuwekwa kwa mwandikishaji. Mume mwema sharti hilo halimdhuru. Akilikimbia, umekwisha kumjua kabla binti hajaingia nyumbani kwake.

Nanyi mabinti mlio mbali, msifiche posa mpaka siku ya mwisho kwa kuwaogopa wazee. Semeni mapema. Nanyi akina mama, swali la kila simu libadilisheni. Badala ya kuuliza, "Mbona huolewi?" ulizeni, "Tukusaidie vipi, mwanangu?" Huenda safari hii simu ikikatika asilie.

Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu waume wa kheri, na awape walii wetu hima ya kutimiza amana yao. Amin.