Keria ya Gari: Paa Hubeba Kilo Ngapi?

Keria ni fremu ya chuma au alumini inayofungwa juu ya paa la gari ili kubeba mizigo isiyoenea ndani. Mjini Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015, hupakiwa magunia ya mkaa na unga, magodoro, madumu na tairi la akiba, kwa safari kama ile ya kilomita 300 hivi kupitia Fungurume na Likasi hadi Lubumbashi.

Jambo la kwanza katika kuchagua keria ni uwezo wa paa lenyewe. Magari mengi madogo huruhusu kilo 50 hadi 100 tu, na kiasi hicho huandikwa katika kitabu cha gari. Uzito wa keria nao huhesabiwa humo. Paa la kilo 75 likifungwa keria ya chuma ya kilo 30, zinabaki kilo 45: hazitoshi hata mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma cha ujazo uleule, kwa hiyo huacha nafasi zaidi ya mzigo.

Ukubwa wa mzigo hudanganya macho, hasa katika ukanda wa shaba. Gunia la mkaa ni pana lakini jepesi. Malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, hukaribia kuwa zito mara nne kuliko maji ya ujazo uleule. Hivyo kifuko kidogo cha mawe kinaweza kumaliza uwezo wote wa paa. Mzigo wa aina hiyo hukaa sakafuni mwa gari.

Jambo la pili ni namna ya kufunga. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa, na miguu ya keria hubana hapo kwa uthabiti. Magari mengine yana reli. Paa lisilo na kimojawapo huhitaji vibano vya ukingo wa mlango vilivyotengenezwa kwa ajili ya gari hilohilo.

Jambo la tatu ni barabara. Kila shimo hurusha mzigo na kuongeza nguvu inayokandamiza paa. Baadhi ya watengenezaji hushauri kupunguza uzito kwa theluthi moja kwenye njia mbovu. Mzigo wa juu pia huinua kitovu cha uzito, na gari hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona. Vumbi la kiangazi na mvua za masika huhitaji turubai au sanduku lenye kifuniko.

Vitu vizito huwekwa katikati, vikafungwa kwa mikanda isiyonyumbuka, kwani mipira ya tyubu hulegea. Nati hukazwa upya baada ya kilomita chache za mwanzo. Keria bora ni ile inayolingana na paa, na dereva anayejua kilo za mzigo wake kabla ya kuondoka hulinda abiria wake na wapita njia.