Ashiki, Fumbo na Kinasa Sauti

Neno erotika limetokana na Eros, mungu wa mapenzi wa Wayunani wa kale. Kiswahili kina neno lake la karibu, ashiki, lenye asili ya Kiarabu. Kwa hiyo fasihi ya ashiki ni istilahi ifaayo kuliko mkopo huo. Fasihi hii haina budi kutofautishwa na ponografia. Wengi hudhani kwamba tofauti yenyewe ni kiasi cha yafichwayo na yafichuliwayo. Rai hiyo haitoshi, kama unyago wa Unguja unavyodhihirisha.

Nyimbo za unyago hutaja maumbile na tendo la ndoa kwa fumbo, na mara nyingine pasipo fumbo lolote. Ziimbwapo mbele ya mwari, wanaohudhuria ni wanawake waliokwisha kuchezwa ngoma hiyo, wanaume hawaingii. Kungwi huimba, huonyesha kwa viungo vyake, kisha hufafanua. Humo ndani hakuna anayetukana. Wimbo uo huo ukiimbwa sokoni ni tusi, ingawa halikubadilika hata neno moja. Basi ashiki hapa hupimwa kwa haki ya kusikia, wala si kwa maneno peke yake.

Hapo ndipo teknolojia inapogusa. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, taarabu yake ilikuwa tayari sanaa ya kuimbiwa watu mchanganyiko, na mafumbo yake yaliweza kumfikia msikilizaji asiyejulikana pasipo kumvunjia heshima. Utendi wa Mwana Kupona nao, uliotungwa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, ulichapishwa Uingereza na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934. Ulistahimili safari hiyo, kwa kuwa wasia wake juu ya mapambo na manukato umesemwa kwa staha.

Wimbo wa unyago hauna kinga hiyo. Kinga yake ni mlango uliofungwa. Mtafiti wa fasihi simulizi aingiapo na kinasa sauti hutoka na wimbo bila kungwi. Ruhusa ya kunasa si ruhusa ya kuchapa, wala ya kulisikilizisha darasa la wavulana na wasichana, sembuse kuuweka wimbo katika intaneti, ambako hakuna bawabu. Idara zilizohifadhi kanda za namna hii zapaswa kuandika, pamoja na mahali wimbo uliponaswa, ni nani aliyeruhusiwa kuusikia.