Sauti ya mtandao na sauti ya umma

Wiki iliyopita, jioni, nilipanda daladala ya Gongo la Mboto. Kijana aliyeketi kando yangu alikuwa amezama katika simu yake. Mara akanigeukia na kusema, "Mzee wangu, hili suala limekwisha. Nchi nzima imeshaamua." Nikamwuliza nchi hiyo nzima ameikuta wapi. Akanionyesha kioo cha simu: maoni 300 na ushei yaliyoandikwa chini ya habari moja, karibu yote ya upande mmoja.

Ndugu msomaji, sikumcheka. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, tena hewani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiendesha kipindi cha asubuhi, na siku moja mada ilikuwa mpango wa kuhamisha soko la mtaani. Simu na ujumbe mfupi viliingia mfululizo. Karibu kila aliyezungumza alitaka soko liondoke kwa sababu ya uchafu na msongamano. Nikafunga kipindi kwa kutangaza kwamba wananchi wamesema soko lihame. Siku mbili baadaye nikaenda kwenye soko hilo hilo kununua mchicha. Mama muuzaji akaitambua sauti yangu. "Mwanangu," akasema, "hao wananchi uliowasikia wewe ni wa wapi? Saa ile mimi nafunga mafungu yangu, na vocha ya kukupigia wewe naitoa wapi?"

Niliporudi studio niliufungua ule ujumbe nikausoma upya. Watumaji walikuwa wachache kuliko nilivyodhani, na baadhi yao walikuwa wameandika mara nne au tano. Wengine walieleza wazi kwamba walikuwa wamekwama kwenye foleni ya magari. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimewauliza watu walio kwenye foleni maoni yao juu ya soko linaloleta foleni, kisha nikawaita wananchi.

Kosa la namna hii lina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani lililoitwa Literary Digest lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10 ili kubashiri uchaguzi wa rais. Zaidi ya watu milioni 2 walijibu, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda. Matokeo yalipotoka, Franklin Roosevelt alikuwa amechukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati nchi ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi na maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Isitoshe, waliojisumbua kurudisha karatasi ni wale waliokuwa na shauku zaidi. George Gallup aliyewauliza watu wachache mno kuliko hao, lakini akajitahidi wafanane na wapiga kura wenyewe, alibashiri sawasawa kwamba Roosevelt angeshinda.

Tuje karibu na nyumbani. Katika uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2022 aligombea urais Profesa George Wajackoyah. Aliahidi kuhalalisha kilimo cha bangi, kufuga nyoka ili kuuza sumu yao, na kuleta wiki ya kazi ya siku 4. Mitandaoni alikuwa nyota. Video zake zilisambazwa kila kona, vijana wakaimba jina lake, na wapo waliodhani angeharibu hesabu za wakubwa. Kura zilipohesabiwa alipata 61,969, yaani asilimia 0.44. William Ruto alipata asilimia 50.49 na hayati Raila Odinga asilimia 48.85. Kumbe kusambaza kichekesho ni jambo moja, na kupanga foleni alfajiri ukapige kura ni jambo jingine. Vijana wa miaka 18 hadi 35 ndio waliokuwa wamejaa mitandaoni, lakini katika daftari la wapiga kura la mwaka ule walikuwa takriban asilimia 40 tu.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sababu ya kwanza ni nani yumo. Mtandao unataka simu ya kisasa, umeme, fedha ya bando na nafasi ya kukaa. Kwa hiyo mtu wa mjini, kijana na aliyesoma huonekana zaidi kuliko bibi wa kijijini, ingawa siku ya uchaguzi kila mmoja wao ana kura moja.

Sababu ya pili ni nani anasema. Mwaka 2019 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichunguza watu wazima wa nchi hiyo waliotumia Twitter, mtandao ambao sasa unaitwa X. Ilionekana kwamba asilimia 10 ya watumiaji ndio walioandika asilimia 80 ya ujumbe wote. Mtumiaji wa kawaida aliandika mara mbili tu kwa mwezi. Maana yake ni kwamba hata miongoni mwa hao wachache waliomo, wengi wamekaa kimya.

Sababu ya tatu ni kile kinachopandishwa juu. Mitambo ya mitandao hii huleta mbele yako kile kitakachokufanya ubaki, na hasira humfanya mtu abaki. Tena wewe mwenyewe ndiye uliyechagua wa kumfuata. Ukikaa kwenye kijiwe cha mashabiki wa Yanga utaamini kwamba Simba haina mashabiki nchi hii. Ongeza wanaolipwa kusukuma mada fulani, na wanaonyamaza kwa hofu, ndipo utaona umbali uliopo kati ya kioo cha simu na sura ya jamii.

Lakini hapa naomba tusikimbilie kosa la pili, ambalo huwapendeza zaidi wenye madaraka: kusema kwamba hayo ni maneno ya mitandaoni tu. Wanasiasa wetu hupenda kujibu kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kenya ile ile imetupa somo jingine. Mwezi Juni 2024 vijana walianza kuupinga Muswada wa Fedha wakiwa na simu zao, katika X na TikTok. Waliusoma, wakaueleza kwa lugha za makabila yao ili hata wazazi wauelewe, wakaitana barabarani. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini muswada huo.

Tofauti iko wapi? Mwaka 2022 watu walifurahia video. Mwaka 2024 habari ilikuwa bei ya mkate, na mama asiye na simu alikuwa akilalamikia jambo lile lile jikoni. Mtandao haukutuambia ni wangapi wanakubaliana, bali ulituambia pana moto.

Wala wingi peke yake haumalizi mjadala. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi yetu kuuliza kama tubaki na chama kimoja. Ilisikiliza zaidi ya watu 36,000, na takriban asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wachache walipewa uzito kwa sababu ya hoja yao, lakini kwanza ilijulikana kwamba ni wachache, kwa kuwa kuna watu waliofunga safari kwenda kuwauliza wananchi walipo.

Ndiyo maana siku hizi, nikisoma ujumbe hewani, husema "waliotuandikia asubuhi hii wanasema hivi." Nimeliacha lile neno "wananchi", na kila mada nzito naenda nayo sokoni kwanza.

Yule kijana wa daladala nilimwuliza nyumbani kwao wako wangapi. Akasema saba. Na wangapi wameandika maoni yao juu ya suala lile? "Mimi tu." Mama je, anasemaje? Akafikiri kidogo, akacheka, akasema hajamwuliza. Nilikuwa nimefika kituo changu, nikamwambia akifika nyumbani aanze na huyo.