Ushuru na Kilichorudi kwa Mlipaji

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekata stakabadhi za ushuru sokoni, na matusi niliyoporomoshewa hayana idadi. Ndiyo maana nikisoma habari za Ulaya ya Zama za Kati humtafuta karani mwenzangu: alitoza, sawa, lakini mlipaji aliondoka na nini?

Kwenye Mto Rhine, mara nyingi aliondoka na uhai wake tu. Mbele ya mji wa Kaub, katikati ya maji, ipo ngome ya Pfalzgrafenstein, iliyoanza kujengwa na Mfalme Ludwig wa Bavaria miaka ya 1320. Upande mmoja wa mto una mkondo wa hatari, kwa hiyo mashua zilipita upande wa mjini, na huko ndiko ulikotandazwa mnyororo. Mkaidi alishushwa kisimani, akakaa juu ya chelezo cha mbao mpaka kwao walete fidia. Hiyo hata mimi siiti ukarani!

Ukishamalizana na Kaub, kuna mwingine mbele anakungoja. Wanahistoria hukadiria kwamba mwishoni mwa karne ya 12 Rhine ilikuwa na vituo 19 hivi. Miaka 300 baadaye vilizidi 60. Mwaka 1254 Mainz, Worms na miji mingine waliungana kupambana na ushuru huo. Wakaizingira ngome ya Rheinfels, ambayo mwenyewe alikuwa amepandisha viwango, wakashindwa kuiteka. Kufikia 1257 umoja ulikuwa umesambaratika.

Makabaila wa Champagne, huko Ufaransa, walikuwa na akili zaidi. Nao walitoza, ila walilinda. Mwaka 1148 wabadili fedha wa Vézelay waliporwa njiani wakielekea kwenye gulio la Provins. Kabaila Thibaut hakunyamaza: alimwandikia Abati Suger, aliyeshika nchi kwa niaba ya mfalme, akidai walipwe mali yao. Haikuwa huruma, alijua wageni wakiogopa njia, gulio limekufa. Waitaliano wakaendelea kuja na viungo, watu wa Flanders na vitambaa, katika magulio sita ya kila mwaka.

Wengine walijadiliana mpaka wakasamehewa. Frankfurt iliwaachia ushuru wafanyabiashara wa Nürnberg, mradi kila mwaka mji wao ulete kikombe cha mbao kilichojaa pilipili manga, glavu nyeupe na kijiti cheupe.