Je, Wajua? Jembe, Nyumba, Jogoo na Wilbaro

Je, wajua kwamba katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 1965 hakukuwa na chama cha upinzani hata kimoja, na bado Waziri wa Fedha aliangushwa? Paul Bomani, aliyejijengea jina katika ushirika wa wakulima wa pamba wa kanda ya Ziwa, alipoteza kiti chake huko Mwanza kwa mwanachama mwenzake wa chama tawala, TANU. Hakuanguka peke yake. Waziri mwingine alishindwa, na manaibu kadhaa wakarudi nyumbani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura wote waliotaka ubunge, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, maana wapiga kura wengi walikuwa hawajui kusoma majina. Mahasimu hao walizungushwa pamoja kijiji kwa kijiji na kupanda jukwaa moja. Chama ndicho kilichoandaa mikutano. Kumwaga fedha zako mwenyewe kulikatazwa, kutaja kabila, dini au rangi ya mtu kulikatazwa, na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili tu, hata kama ukumbi mzima ulikuwa wa Wasukuma watupu na mgombea mwenyewe Msukuma. Alama zilikusudiwa zisiwe na upande, lakini wanasiasa ni wanasiasa. Mwenye jembe aliwaambia watu hakuna chakula bila jembe, na mwenye nyumba akawauliza hicho chakula watakilia wapi.

Jimbo la Kinondoni, Dar es Salaam, mwaka huohuo lilimchagua Derek Bryceson, mkulima mzungu, kwa kura nyingi. Jambo hilo linachekesha kidogo ukikumbuka kwamba TANU yenyewe, kuanzia kuzaliwa kwake tarehe 7 Julai 1954 hadi mwanzoni mwa 1963, haikuwa inapokea wanachama wasio Waafrika. Bryceson alichaguliwa kwa mara ya kwanza katika ule uchaguzi wa kura tatu wa 1958, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake haihesabiki. TANU ilikaribia kupasuka kwa sababu ya masharti hayo. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie kwenye uchaguzi hata hivyo. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Miaka minne baadaye alisimama dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa kwanza wa Rais wa Tanganyika na hakupata hata kura 3 katika kila 100.

Kwenye urais wa 1965 hapakuwa na jembe wala nyumba. Nyerere alisimama peke yake na wananchi wakasema Ndiyo au Hapana. Wazee hadi leo wanasema aligombea na kivuli. Mwananchi aliweza kumtoa mbunge, hata waziri, lakini kuitoa serikali hakuweza. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na akili ya mfumo ule: hasira za watu zilipata pa kutokea bila kukifikia chama chenyewe.

*

Aliyewahi kuishinda TANU kwenye sanduku la kura alikuwa mwana-TANU. Uchaguzi wa 1960 ulikuwa na viti 71 na 58 kati yake vilipita bila kupingwa. Vilipohesabiwa vyote, TANU ilikuwa na 70. Kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, ambako chama kilimteua Chifu Amri Dodo. Mwanachama mwingine, Herman Sarwatt, alikataa uteuzi ule, akasimama binafsi na akashinda.

Leo Sarwatt asingeruhusiwa. Katiba na sheria za Tanzania bado zinataka mgombea wa urais na ubunge adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilishikia bango suala hili kwa karibu miaka 20. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimkubalia. Serikali ikabadili Katiba. Mtikila akarudi mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema jambo hilo ni la Bunge, siyo la majaji. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema Tanzania inakiuka haki za raia wake kwa katazo hilo. Mahakama hiyo inakaa Arusha, na kutoka hapo hadi Mbulu ni safari ya siku moja.

Na ukishaingia bungeni kwa tiketi ya chama, kukosana nacho ni hatari. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, ubunge nao umekoma. Ukitaka kujua kwa nini wabunge wengi hufikiri mara mbili kabla ya kumpinga mwenyekiti wao, anza na ibara hiyo kabla ya kutafuta itikadi.

*

Wangapi wanakumbuka kwamba Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu wiki sita tu baada ya uhuru? Bendera ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961, na Januari 1962 alimwachia Rashidi Kawawa serikali ili yeye azunguke nchi kukijenga upya chama. Mwaka huohuo nafasi za wakoloni mikoani na wilayani zilianza kushikwa na wakuu wa mkoa na wa wilaya ambao papo hapo walikuwa makatibu wa TANU wa maeneo hayo. Mtu mmoja alivaa kofia mbili, na mwananchi akashindwa kujua leo ameitwa na serikali au na chama.

Lakini kazi kubwa ilifanyika chini zaidi. Katikati ya miaka ya 1960 TANU iliigawa nchi katika makundi ya nyumba kumi kumi, kila kundi likiwa na kiongozi wake aliyejulikana kama balozi. Balozi hakuwa mtu wa hotuba. Mgeni akija kulala lazima ajulishwe. Mke na mume wakigombana usiku wa manane, wanagonga kwake. Ng'ombe akiingia shamba la jirani, mtoto akiacha shule, mchango wa zahanati ukichelewa, shauri linaanzia barazani pake. Ukitaka barua ya kukutambulisha, unaianzia kwake. Alikuwa anakaa mtaa uleule, anakunywa maji ya kisima kilekile, na anajua nani kanuna na nani kanunua baiskeli. Kwa maoni yangu hakuna kitabu cha siasa kilichoifanyia TANU kazi ya huyu bwana, au bibi.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, serikali ilijiundia ngazi zake za mtaa na kitongoji, na balozi akabaki wa chama. CCM, mrithi wa TANU, bado inahesabu kuanzia kwake: shina, tawi, kata, na kuendelea hadi taifa. CHADEMA nayo ina ngazi yake ya chini kabisa inayoitwa msingi, maana hata mpinzani amesoma somo lilelile. Kenya iliuazima mpango huo mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, na kuuita Nyumba Kumi vilevile, ingawa kule ulikuja kama mpango wa usalama, siyo wa chama.

*

Kati ya 1965 na 1977 Tanzania ilikuwa nchi ya chama kimoja yenye vyama viwili. Katiba ya muda ilisema chama ni kimoja, ila kwa Bara ni TANU na kwa Zanzibar ni Afro-Shirazi. Viliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Siku hiyo haikuokotwa: ASP ilizaliwa 5 Februari 1957, na Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. Sherehe tatu kwa keki moja.

Azimio lenyewe lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kujenga nyumba ya kupangisha. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar na kuyalegeza masharti hayo. Hakuna aliyetangaza kwamba Ujamaa umekufa. Katiba ya CCM bado inautaja Ujamaa na Kujitegemea, na Katiba ya nchi, ibara ya 3, bado inasema Jamhuri ya Muungano ni ya kijamaa. Mwekezaji anayeshuka leo na mkoba wake uwanja wa ndege wa Dar es Salaam anaingia, kisheria, katika nchi ya kijamaa.

Na vyama vingi vilikujaje? Mwaka huohuo wa 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali izunguke kuwauliza wananchi. Karibu asilimia 77 walisema chama kimoja kinatosha. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na CCM ikakubali. Ni nadra sana kuona walio wachache wakipewa ushindi na chama chenyewe kilichopendwa na walio wengi. Wapo wanaosema ilikuwa busara, na wapo wanaosema ilikuwa kuwahi kubadilisha mchezo ungali mikononi mwako. Sioni kwa nini isiwe vyote viwili.

*

Kama kuna mahali ambapo kura moja ilipindua hesabu, ni Zanzibar. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa na viti 22. ASP ilipata 10, Hizbu (yaani ZNP) 9, na ZPPP, chama kilichokuwa na nguvu Pemba, 3. Kimoja kati ya vile 10 vya ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Basi wale watatu wa ZPPP wakawa lulu. Wawili wakaenda Hizbu, mmoja akaenda ASP: 11 kwa 11. Serikali haikuundika. Ikabidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka huohuo, safari hii kikiongezwa kiti kimoja ili sare isiwezekane tena, na ukaja na vurugu na vifo.

Julai 1963 viti vilikuwa 31. ASP ilizoa kama asilimia 54 ya kura zote na ikapata viti 13. Hizbu na ZPPP kwa pamoja walipata 18 na wakaunda serikali. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo machache na za wenzao zilitawanyika vizuri. Uhuru ulikuja Desemba, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Sababu za Mapinduzi ni nyingi na hazikuanzia kwenye ramani ya majimbo, lakini anayesimulia habari hiyo bila kuitaja ramani amesimulia nusu. Baada ya hapo Wazanzibari hawakuchagua wawakilishi wao hadi 1980, na vyama vingi viliporudi kwenye sanduku la kura, mwaka 1995, Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF.

Maalim Seif huyohuyo alionyesha mwaka 2019 kwamba chama kinaweza kuhama kama watu. Mahakama ilipoupa ushindi upande wa mpinzani wake, Profesa Lipumba, katika mgogoro wa ndani ya CUF, yeye na wafuasi wake walihamia ACT-Wazalendo, na katika muda mfupi ofisi za Unguja na Pemba zikabadilishwa rangi na bendera. Wakaliita zoezi hilo “Shusha tanga, pandisha tanga.”

*

Wakenya wao wamezoea kuhama. Toka 2002 kila uchaguzi wa Rais umechukuliwa na chombo kipya: NARC, PNU, TNA, Jubilee, kisha UDA yenye alama ya wilbaro, ambayo kabla ya hapo iliitwa Party of Development and Reforms. Chama cha ODM kilitokana na tunda: katika kura ya maoni ya katiba ya 2005 tume iliwapa wanaosema ndiyo alama ya ndizi na wanaosema hapana alama ya chungwa. Chungwa likashinda, na waliolishika wakaona ni hasara kulitupa.

Haikuwa hivyo zama za jogoo wa KANU. Kutoka Juni 1982 hadi Desemba 1991 sheria ilikitambua chama hicho peke yake. Mwaka 1988 kilitumia mlolongo: katika mchujo wanachama walijipanga nyuma ya mgombea au wakala wake, hadharani, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alikuwa mbunge moja kwa moja, bila kura ya siri. Malalamiko kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu yalikuwa mengi kiasi kwamba KANU yenyewe iliufuta mfumo huo 1990.

Mobutu hakuhitaji foleni. Katika Zaire ya katiba ya 1974, kila raia alikuwa mwanachama wa chama chake, MPR, kwa kuzaliwa. Hukujiunga na hukuweza kutoka.

Vyama hivyo vya pekee vilikuwa na mali pia. Jumba la mikutano la KICC la Nairobi, lenye ghorofa 28, lilikuwa mali ya KANU. Chama kilishindwa uchaguzi Desemba 2002, na Februari 2003 serikali mpya ikalichukua. Tanzania haijafika huko: viwanja vya michezo vilivyojengwa kwa nguvu na michango ya wananchi enzi za chama kimoja, Kirumba wa Mwanza na Sokoine wa Mbeya vikiwemo, bado ni vya CCM, na wapinzani wamekuwa wakidai virudishwe serikalini. Timu ya ligi ikitaka kucheza Kirumba, mwenye nyumba ni chama.